Kuchi Alivyofika Kikole

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua, wana wote huchukuliwa na mwewe. Watu wa mjini husikia methali hii wakacheka. Sisi wa Kikole, katika bara ya Kilwa, hatucheki sana, kwa kuwa tunamjua mwewe, tunamjua kicheche, na zaidi ya hao wote tunakijua kideri. Ugonjwa huu ukipita kijijini, uwanja uliokuwa na kelele asubuhi huwa kimya jioni ya siku ya tatu. Kwa hiyo kuku anayeonekana leo akichakura nyuma ya nyumba ya mtu maskini si kitu cha kupuuzwa. Amevuka mengi kufika hapo, na mama yake alivuka, na mama wa mama yake pia.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka kumzungumzia kuku wa aina moja tu, naye ni kuchi. Nilianza kumfuga nilipostaafu kazi ya ualimu na kurudi nyumbani, mwaka 2014. Sikuwa mfugaji. Nilikuwa mwalimu wa historia, mtu wa chaki, na nilichojua juu ya kuku ni kile kinachojulikana mezani. Lakini ualimu una tabia ya kumfuata mtu hata akiuacha: kila nilipomtazama ndege yule niliona nafundishwa historia, tena historia ambayo sikupata kuifundisha.

Kwanza tumtazame mwenyewe. Kuchi husimama wima kama askari wa gwaride. Shingo yake ni ndefu na ina manyoya haba, miguu ni mirefu na minene, kifua kipana, mkia mfupi unaoelekea chini. Upanga wake kichwani si ule mrefu wenye meno kama msumeno, bali ni kinundu kidogo kilicholala, na ndevu zake ni fupi mno au hana kabisa. Wajuzi wanasema hilo si pambo. Ndege aliyechaguliwa kwa mapigano, kizazi baada ya kizazi, hachaguliwi kuwa na upanga mrefu ambao adui ataushika kwa mdomo. Mwili wake wote umeandikwa kazi aliyotakiwa kuifanya.

Lugha yetu nayo inatoa ushahidi. Kiswahili hakikuridhika na neno "kuku" peke yake. Tuna kifaranga, tuna pora, yaani jogoo anayeanza kupevuka, tuna jimbi au jogoo, tuna tembe na mtamba, yaani jike asiyeanza kutaga, tuna mtetea na koo, yule mama anayetaga na kulea. Mwiba wa mguuni mwa jogoo una jina lake, kipi. Kuku mwenye manyoya yaliyogeuka nyuma ni kidimu, na asiye na manyoya shingoni ni kishingo. Watu hawatungi maneno mengi namna hii kwa kitu wasichokiangalia. Watu wa pwani wamemtazama kuku kwa karne nyingi, na kwa makini.

Lakini kuku si mzaliwa wa Afrika. Mzazi wake ni kuku wa mwituni wa Asia. Utafiti wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2020 ulielekeza asili ya kuku wa kufugwa kwenye maeneo ya kusini magharibi ya China, kaskazini ya Thailand na Myanmar. Mwaka 2022 wanaakiolojia wakaeleza kwamba mifupa ya zamani zaidi wanayoiamini kuwa ya kuku wa kufugwa imetoka Ban Non Wat, katikati ya Thailand, na umri wake ni baina ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Masihi. Wakaongeza jambo lililonifurahisha: kilichomvuta kuku kutoka msituni kuja kwa binadamu ni mashamba ya mpunga na mtama. Alifuata punje. Nami kila jioni namwona akifuata punje zile zile kinuni, na najua kwamba mkataba wetu naye haujabadilika.

Kutoka huko alisambaa kwa nchi kavu na kwa bahari. Huko Asia ndiko yalikotengenezwa makabila ya kuku wa mapigano. India wanaye asil. Ujapani wanaye shamo, ambaye jina lake latokana na Siam, yaani Thailand ya leo, kwa kuwa aliletwa Ujapani kutoka pande hizo. Ukiwatazama ndege hawa pamoja na kuchi wetu, utaona wote ni wa umbo moja: kusimama wima, shingo ndefu, upanga mdogo, manyoya haba. Jina la kuchi nalo humkumbusha msikilizaji Kachchh, ile nchi ya magharibi ya India ambayo wafanyabiashara wake walikuja kwa majahazi na kufungua maduka Unguja na Kilwa Kivinje.

Kwamba kuku alikuwako katika mwambao wetu tangu zamani si jambo la kubahatisha. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita mwambao huu mwaka 1331 na kufika Kilwa. Kabla ya hapo alikaribishwa Mogadishu, naye akaandika chakula alichopewa: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ni miaka karibu 700 sasa, na mgeni wa heshima katika nyumba zetu bado huchinjiwa kuku na kupikiwa wali. Wasultani wa Kilwa wameondoka, Wareno waliouteka mji mwaka 1505 wameondoka, msikiti mkuu umebaki magofu, lakini sahani ile bado iko mezani.

Na kutoka pwani hadi Kikole je? Hapa ndipo bara yetu inapoingia. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa misafara mikubwa iliyotoka Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hizo, na, kwa huzuni kubwa, binadamu walishuka nazo wakiwa wamefungwa. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, lakini njia zenyewe hazikufutika. Vitu vilivyopanda bara kwa njia hizo vilikuwa nguo, shanga, chumvi na bunduki. Kuku naye ni mali inayobebeka. Ng'ombe hapiti katika misitu yenye mbung'o. Kuku hupita akiwa ndani ya tenga, kichwani mwa mwanamke. Haihitaji elimu kubwa kuona kwa nini bara ya Kilwa haikuwa nchi ya ng'ombe, bali nchi ya kuku.

Kisha ikaja Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, iliyoanzia jirani zetu Umatumbi. Wajerumani waliishinda kwa njaa kuliko kwa risasi: walichoma vijiji na maghala, na wanahistoria wengine wanakadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walipotea, wengi wao kwa njaa na maradhi. Miaka kumi baadaye Waingereza na Wajerumani wakapigana wao kwa wao juu ya vilima vya Kibata, na vijiji vikaporwa chakula tena. Nikiyasoma hayo hujiuliza maana ya kusema kwamba aina fulani ya kuku "imedumu". Haikudumu yenyewe. Katika kila balaa, lazima awepo mtu aliyekaa na njaa akamtazama koo wake wa mwisho, asimchinje.

Hayo ni ya vitabuni. Sasa nieleze ya nyumbani.

Shangazi yangu, mjane, alikuwa na kuku 14 wa asili ya kuchi waliotoka kwa mama yake. Mwishoni mwa mwaka ule niliorudi, kabla ya mvua za vuli, kideri kilipita. Wakabaki watatu: jogoo mmoja na mitetea miwili. Aliniita akaniambia, "Baba, wewe umesoma. Chukua daftari lako uje unisaidie hawa wasiishe." Hivyo ndivyo nilivyoanza ufugaji, nikiwa karani wa mwanamke asiyejua kuandika, lakini aliyewajua kuku wake kwa nasaba hadi kizazi cha nne bila kukosea.

Kwa faida ya msomaji anayetaka kuanza, nitataja machache niliyofunzwa.

La kwanza ni kinga. Kideri kilitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na hakina dawa mpaka leo. Kina chanjo tu. Bahati yetu ni kwamba ipo chanjo iitwayo I-2, iliyobuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na barafu, kwa sababu huvumilia joto kuliko chanjo nyingine. Hutengenezwa humu nchini. Ni tone moja tu katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Taabu yake si bei, ni umoja: chupa moja yatosha kuku wengi kuliko walionao watu kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Basi lazima majirani wakubaliane siku. Kijiji kisichosikilizana hakichanji kuku.

La pili ni kuchagua. Watu hukimbilia jogoo. Shangazi alianza na majike: yupi anaatamia bila kuacha mayai, yupi analea mpaka vifaranga wajitegemee, yupi humkabili mwewe. Mayai ya kuchi si mengi, na mama mwenyewe ni mzito, huweza kuyavunja. Kwa hiyo tulimwekea mayai 10 tu, katika kiota kipana chenye nyasi laini, na siku 21 tukamwacha atulie. Aidha, mbegu ya jogoo hukaa ndani ya jike kwa muda. Ukimtenga leo na majogoo wa uwanjani, usiamini mayai yake mpaka zipite wiki tatu, ndipo uwe na hakika ya baba wa vifaranga.

La tatu ni kutenga. Mapora ya kuchi hayangoji ukubwa. Yakifika miezi minne au mitano huanza kutafutana, na ndugu wa kiota kimoja huumizana vibaya. Kila pora lapata chumba chake, au lafungwa mbali na mwenzake. Chakula chetu kilikuwa pumba, mtama, mchwa, na mashudu ya ufuta wakati wa mavuno. Na ili ndugu wasizaane daima, baada ya miaka miwili tulibadilishana jogoo na mfugaji mmoja wa Kivinje.

Mabanda tuliyajenga kwa miti ya kawaida na mianzi. Hapa Kikole mpingo haukatwi ovyo. Mwaka 2009 kijiji chetu, pamoja na jirani zetu wa Kisangi, kilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa msitu, ikiwa miongoni mwa misitu ya kwanza ya vijiji barani Afrika kupewa hati hiyo. Tulifunzwa kuhesabu miti kabla ya kuvuna, kujua mingapi ni michanga na mingapi imepevuka, na kuuza ile tu ambayo msitu waweza kuirudisha. Katika daftari la kuku nilitumia hesabu hiyo hiyo, na ilifaa.

Sasa nije kwenye jambo gumu, kwa maana sitaki nionekane nimelikwepa. Kuchi aliumbwa na mikono ya watu ili apigane. Katika miji ya mwambao, Kenya na kwetu, amepiganishwa mbele ya watu, na penye mapigano ya majogoo hapakosi kamari. Dini ya wengi wetu imelikataza hilo waziwazi: imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume amekataza kuwachochea wanyama wapigane. Abu Daud amepokea pia katazo la kumtukana jogoo, kwa kuwa huwaamsha watu kwa sala. Waingereza kwao walipiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kuwafanyia wanyama ukatili. Hivyo dini na serikali zimesema neno moja.

Lakini neno hilo lina gharama, na hugharimu yule aliye nacho kidogo. Mwaka 2017 alikuja mtu kutoka Dar es Salaam kwa pikipiki. Alikuwa amesikia habari za jogoo wetu. Wakati huo jogoo wa kawaida aliuzwa shilingi 20,000. Yeye alitaja 150,000, na fedha alikuwa nazo mkononi. Shangazi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na fedha hizo zingemfikisha hospitali na kumrudisha. Akamwuliza yule mgeni, "Utamfanyia nini, mwanangu?" Mgeni hakudanganya. Akasema, "Mchezo, bibi."

Shangazi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyu nimemlea ndani. Sikumlea atolewe macho ili mimi nipate yangu."

Mgeni aliondoka. Mimi sikusema kitu, na usiku ule sikulala vizuri, kwa kuwa nilikuwa na elimu ya kutosha kusifu uamuzi wake, lakini pensheni yangu haikuwa na fedha za kuulipia. Tuliuza mapora sita mwaka uliofuata kwa wafugaji waliotaka kuongeza uzito wa kuku wao, kwa bei ndogo kuliko ile. Safari ya hospitali ikachelewa mwaka mzima. Jicho la kulia lilirudi kuona. La kushoto lilikuwa limekwisha haribika kwa ugonjwa mwingine. Nayaandika haya ili msomaji ajue kwamba wema si jambo la bure, wala hulipwi palepale.

Nimesema kwamba kuku hawa wanafundisha historia. Nimalizie na somo lililonigusa zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walipowachunguza kuku wa asili wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuchi alikuwa mmojawapo, pamoja na ching'wekwe na wengine, naye akaonekana kuwa miongoni mwa walio wazito. Mwaka 2011 wataalamu wengine waliochunguza kuku wa vijiji vya Afrika Mashariki wakathibitisha kwamba kuku wetu hawakuingia mara moja wala kutoka mahali pamoja. Waliingia kwa mafungu mbalimbali, kutoka pande mbalimbali za Asia. Walijuaje? Waliisoma sehemu ya chembe za urithi ambayo mtoto huipata kwa mama yake peke yake. Jogoo anayo, lakini hairithishi.

Fikiri maana yake, ndugu msomaji. Jogoo ndiye aliyeimbwa. Jina lake ndilo lililotajwa barazani, uzuri wake ndio uliokisiwa fedha, na wanaume ndio waliokaa duara kumtazama. Lakini wataalamu walipotaka kujua njia iliyopitwa, kutoka Asia kuvuka bahari hadi Afrika, ilibidi wamwulize koo. Njia yote imeandikwa kwa mitetea: mtetea aliyepakiwa chomboni, mtetea aliyebebwa kwenye tenga, mtetea aliyefichwa wakati wa njaa. Na katika vijiji vyetu nani humlisha mtetea, nani humwekea mayai, nani humfungulia alfajiri? Ni wanawake. Historia niliyoifundisha kwa miaka 32 ilikuwa na masultani, manahodha na majemadari. Katika vitabu vile sikumkuta hata mara moja mama aliyebeba tenga.

Shangazi alifariki mwaka 2021. Alikuwa amepata kuniambia, siku tulipokuwa tukihesabu vifaranga, "Jogoo ni mgeni hapa, baba, leo yupo kesho tumebadilishana. Mwenye nyumba ni koo." Sikuwa nimempa habari za chembe za urithi. Wala hakuhitaji kupewa.

Daftari langu sasa lina mitetea 19. Nimelifungua upya kwa kuandika, juu ya kila ukurasa, jina la mama kwanza. Anayetaka kuanza ufugaji wa kuchi nampa shauri hilo kabla ya shauri la banda na chakula: usiulize baba yake alishinda wangapi, uliza mama yake alilea wangapi. Tena achanje kwa wakati, pamoja na majirani zake.